UCHAMBUZI: Njia za vumbi za Kivaa ni mali, lakini zitamfaidi nani?

KWA mkazi wa Kivaa, katika eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, barabara ya vumbi si jambo la kujivunia. Kwake ni ishara ya kusahauliwa. Ni barabara hiyo inayomcheleweshea mama mjamzito hospitalini, inayoozesha maembe kabla hayajafika sokoni, na inayogeuka tope mvua za Novemba zinaponyesha.

Hata hivyo, katika miaka ya karibuni ulimwengu umeanza kuzitazama barabara kama hizo kwa jicho jingine. Kuna watu wanaosafiri maelfu ya kilomita na kulipa fedha nyingi ili tu waendeshe baiskeli kwenye njia za changarawe zisizo na magari, zinazopita katika mashamba na vilima vyenye historia.

Wengine huziita njia hizo urithi. Wengine huziita biashara. Mwananchi wa Kivaa huziita shida. Je, inawezekana wote wakawa wanasema kweli?

Makala haya yanajaribu kupima suala hilo: Kivaa ina nini cha kumwonyesha mwendesha baiskeli, wengine waliofuata mkondo huo walivuna nini, na ni mambo gani yanayopaswa kufanywa ili faida, iwapo itakuja, isimpite mwenyeji kama gari lipitavyo na kumwachia vumbi.

Mahali penyewe

Kivaa ni mojawapo ya wadi tano za Masinga. Nyingine ni Masinga ya Kati, Ekalakala, Muthesya na Ndithini. Iko pembezoni mwa kaunti, mahali ambapo Machakos inapakana na Embu na Kitui. Kaskazini, Mto Tana ndio mpaka.

Barabara kuu ya lami ya eneo hilo ni ile inayochepuka Kangonde, kwenye barabara ya Thika kuelekea Garissa, na kwenda Embu huku ikivuka Tana penye bwawa la Kamburu. Ukiiacha lami hiyo, unaingia katika mtandao wa barabara za changarawe, za udongo mwekundu na vijia vya miguu vinavyounganisha masoko, shule, visima na mito ya msimu.

Katika njia hizi, gari ni kitu cha kupita mara moja moja. Wenye njia ni watembea kwa miguu, punda waliobeba mitungi ya maji, ng'ombe na mbuzi wanaopelekwa malishoni, wanafunzi, na baiskeli zilizofungwa gunia la ndengu au mbaazi nyuma.

Ni hapa pia ambapo taifa huchota nguvu zake. Mabwawa matano ya Seven Forks yako kwenye sehemu hii ya Tana na chini yake. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa pamoja yana uwezo unaokaribia megawati 600.

Masinga ndilo tangi kuu la msururu huo. Hifadhi yake ya maji ina eneo linalokaribia kilomita 120 za mraba. Mwaka 2009, ukame ulipozidi, uzalishaji wa umeme Masinga ulisimamishwa kwa sababu maji yalikuwa yamepungua kupita kiasi. Mwaka 2024, wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei, bwawa hilo hilo lilifurika na wakazi wa sehemu za chini za Tana wakatakiwa kuhama.

Ng'ambo ya pili, upande wa Embu, kuna Hifadhi ya Taifa ya Mwea, iliyotangazwa mwaka 1976, mahali ambapo mito Tana na Thiba hukutana. Kwa hiyo katika eneo dogo mgeni anaweza kuona vilima, mabwawa, wanyamapori, na mashamba ya wakulima wadogo. Na yote hayo ni mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Nairobi.

Historia iliyo chini ya magurudumu

Anayedhani Ukambani ni nyika tu isiyo na simulizi hajasoma. Kabla ya reli kufika, Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakuu wa misafara kati ya bara na pwani. Pembe za ndovu zilitoka huku zikafika Mombasa kwa mabega ya watu, na njia walizopita zilijulikana kwa visima na vilima vyake.

Mashuhuri zaidi kati ya wafanyabiashara hao ni Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mwaka 1849 alimkaribisha mmishonari Johann Ludwig Krapf, ambaye akiwa huko aliuona Mlima Kenya kwa macho yake. Wasomi wa Ulaya hawakumwamini alipoandika kwamba kuna theluji karibu na Ikweta.

Mwaka 1851 wawili hao walisafiri tena, safari hii kuelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa karibu na mto na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini akiwa na kiu kali. Alipoufikia mto, hakuwa na chombo cha kubebea maji, akayatia katika mitutu ya bunduki yake ili apate ya kunywa njiani akirudi.

Simulizi hiyo ilitokea katika nchi hii hii ya Tana ya kati. Lakini ni wangapi wanaopita Kamburu kwa gari wakielekea Embu wanaoijua?

Kuna pia historia ya mifugo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwapokonya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba walikuwa wengi mno na wanaharibu ardhi. Ng'ombe hao waliuzwa kwa bei ya chini, wengi wakiishia katika kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River.

Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na kupiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Serikali ililazimika kulegeza msimamo, ingawa Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu. Leo barabara ya katikati ya Nairobi ina jina lake.

Baadaye, katika miaka ya 1950, wafungwa wa Mau Mau walichimba kwa mikono mfereji wa Yatta, unaochukua maji kutoka Mto Thika na kuyapeleka katika nyanda kavu kwa umbali unaokaribia kilomita 60. Mfereji huo ungali unamwagilia mashamba hadi leo.

Na yapo matuta. Mtindo wa kuhifadhi udongo uitwao "fanya juu", ambao sasa unafundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kwa jina hilo hilo la Kiswahili, ulikua Machakos. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko wa udongo ukapungua.

Kazi hiyo ilifanywa kwa kiasi kikubwa na vikundi vya mwethya, yaani utaratibu wa jadi wa majirani kusaidiana kazi. Mgeni anayepita kwa gari huona vilima tu. Anayepita kwa baiskeli, kwa mwendo wa pole, huona matuta na kuelewa kwamba kila kimoja kina jasho la mtu.

Wenzetu walifanya nini?

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Kivaa hautoki Afrika. Katika mkoa wa Toscana nchini Italia, kulikuwa na barabara nyeupe za changarawe zilizopita katika mashamba ya mizabibu. Serikali za mitaa zilikuwa zikizitia lami moja baada ya nyingine.

Mwaka 1997, Giancarlo Brocci na wenzake walianzisha ziara ya baiskeli za zamani iitwayo L'Eroica katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti. Shabaha yao haikuwa mashindano tu. Walitaka kuonyesha kwamba barabara hizo zina thamani zikiachwa zilivyo. Miaka kumi baadaye, 2007, waendeshaji wa kulipwa walianza kushindana katika barabara hizo hizo, na sasa Strade Bianche ni miongoni mwa mashindano yanayoheshimiwa zaidi Ulaya.

Nchini Marekani, mji wa Emporia katika jimbo la Kansas haukuwa na bahari, milima mirefu wala mbuga. Ulikuwa na barabara za changarawe kati ya mashamba na malisho ya ng'ombe. Mwaka 2006, watu 34 walishiriki mashindano ya maili 200 katika barabara hizo. Leo mashindano hayo, yaitwayo Unbound, huvutia maelfu ya waendeshaji, na hoteli za mji hujaa.

Mchezo huo ulikua kiasi kwamba mwaka 2022 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliandaa ubingwa wa dunia wa changarawe kwa mara ya kwanza nchini Italia.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2021, mashindano ya Migration Gravel Race yalianza katika eneo la Maasai Mara, siku nne za mbio kwenye umbali wa takriban kilomita 650. Miongoni mwa waliokuwa nguzo ya juhudi hizo ni Mkenya Suleiman Kangangi, aliyetaka vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wapate nafasi ya kupambana na Wazungu katika ardhi yao wenyewe. Kangangi alifariki Agosti 27, 2022, akiwa mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani.

Septemba 2025, Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa bara la Afrika. Kwa juma zima, barabara za Rwanda zilikuwa kwenye televisheni za dunia.

Mfano wa kawaida zaidi, na pengine wenye somo kubwa kwa Kivaa, uko Naivasha. Katika Mbuga ya Hell's Gate, ambayo ilianzishwa mwaka 1984, wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Kinachofaidi vijana wa pale si mashindano ya mara moja kwa mwaka. Ni kukodisha baiskeli, kuzitengeneza na kuwaongoza wageni kila mwisho wa juma.

Hapa pana tofauti ambayo wapangaji hawana budi kuizingatia. Mashindano huleta umati kwa siku mbili kisha huondoka. Njia iliyowekwa alama na kutunzwa huleta watu wachache, lakini huwaleta mwaka mzima. Kijiji huishi kwa hao wachache wa kila mara.

Hoja ya lami

Sasa tulikabili pingamizi lililo zito. Mkazi wa Kivaa anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: mnataka tubaki na vumbi ili wageni wafurahi?

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Ni dharau kumwambia mtu kwamba umaskini wake unapendeza kwenye picha. Barabara inayofika hospitalini, inayofika sokoni na inayopitiwa na matatu kila siku inastahili lami, na hakuna mtalii anayepaswa kuwa kisingizio cha kuinyima.

Lakini ukweli mwingine ni kwamba hakuna serikali, iwe ya kitaifa au ya kaunti, yenye fedha za kutia lami kila njia ya kijijini. Kutoa ahadi hiyo ni kuwadanganya wananchi.

Mvutano wa fedha za barabara unathibitisha hilo. Julai 2024, ushuru wa matengenezo ya barabara uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Licha ya nyongeza hiyo, magavana na wabunge waliingia katika mzozo mkali kuhusu nani asimamie Sh10.5 bilioni ambazo kaunti zilidai ni haki yao. Kila upande ulitaja Katiba, na wakati huo mashimo barabarani yaliendelea kupanuka.

Kwa hiyo swali la maana si lami au changarawe. Swali ni: njia zipi zitiwe lami, zipi zibaki za changarawe lakini zitunzwe ipasavyo, na zipi ziachiwe miguu, punda na baiskeli peke yake? Mpango wenye ngazi hizo tatu ungempa mwananchi ukweli badala ya ndoto.

Changarawe isiyotunzwa hudumu misimu michache tu. Maji yakikosa mtaro hupita katikati ya barabara, hubeba kokoto na kuacha korongo. Kinachohitajika si mitambo mikubwa kila mara. Mitaro, makalavati na vivuko vya saruji kwenye mito ya msimu hutosha kuokoa barabara nyingi.

Kenya ina uzoefu katika jambo hili. Mpango wa barabara za mashambani ulioanza mwaka 1974 ulitumia majembe, sururu na mikokoteni badala ya matingatinga, na ukajenga takriban kilomita 8,000 huku ukiwalipa wanavijiji wenyewe. Ikumbukwe kwamba mtu aliyelipwa kuchimba mtaro ana sababu ya kuulinda.

Njia zinazotoweka

Hatari kubwa zaidi kwa njia zisizo na magari si lami. Ni ua.

Vijia vya zamani vya Ukambani havikupimwa na mtu. Vilifuata mgongo wa kilima, kivuko cha mto na kivuli cha mti. Watu walipita kwa sababu babu zao walipita. Ardhi ilipopimwa na kugawanywa kwa watu binafsi, ramani zilionyesha mipaka ya mashamba na barabara za kufikia mashamba hayo. Vijia vingi havikuonekana kwenye karatasi.

Matokeo yake ni kwamba mwenye hati anaweza kuweka seng'enge leo, na kesho mwanafunzi aliyekuwa akitembea kilomita mbili analazimika kuzunguka kupitia barabara kuu yenye malori. Mwenye shamba hajavunja sheria. Lakini kijiji kimepoteza kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kuanzia kifungu cha 143, ina utaratibu wa kuweka haki ya umma ya kupita, ikiwemo haki ya kupita ya jamii, kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Wenye ardhi hupewa ilani, husikilizwa, na suala la fidia huzingatiwa. Mara nyingi utaratibu huu hufikiriwa pale zinapopitishwa nyaya za umeme au mabomba. Ni nadra kusikia ukitumiwa kulinda njia ya mtoto kwenda shule.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za kale za farasi zinazopita katika mashamba ya watu, kwa sharti kwamba wampishe mtembea kwa miguu na mpanda farasi. Mashamba yaliendelea kuwa ya wenyewe. Haki ya kupita ikabaki ya wote.

Iwapo Kivaa itataka kunufaika na baiskeli, hatua ya kwanza basi si kutafuta wafadhili wala kuchapisha fulana. Ni kuandika njia zilizopo. Wazee wanazijua. Vijana wana simu zinazoweza kuziweka kwenye ramani. Machifu na afisi za wadi zinaweza kuitisha vikao. Kazi hiyo ingefaa hata kama hatafika mgeni mmoja, kwa kuwa mtoto wa shule ndiye atakayefaidi kwanza.

Si bila magari tu

Aidha, ni lazima tuseme wazi kwamba njia isiyo na magari si lazima iwe salama. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, bodaboda zimefika katika kila pembe ya nchi. Zimeokoa maisha ya wagonjwa na kuwapa vijana kazi. Zimewaua na kuwalemaza wengi pia.

Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani Busia kwa sababu ya baiskeli zilizobeba abiria na mizigo. Pikipiki ikairithi jina na kuipokonya njia. Katika kijia chembamba, pikipiki inayokwenda kasi ni hatari kwa mwenye baiskeli kuliko lori katika barabara pana.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na watembea kwa miguu ndio wengi kati yao. Kwa hiyo mpango wowote ni sharti uwahusishe vyama vya bodaboda tangu mwanzo. Makubaliano kuhusu njia zipi pikipiki zisitumie, au mwendo gani usizidishwe karibu na shule, yatadumu iwapo wenye pikipiki walikuwepo yalipofanywa.

Suala la malori ya mchanga nalo lisisahauliwe. Uchimbaji wa mchanga katika mito ya Ukambani umekuwa chanzo cha ugomvi kwa miaka mingi, hata Kaunti jirani ya Makueni ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Lori moja likipita mara kumi kwa siku katika njia ya changarawe huimaliza kabla ya msimu kwisha, na baiskeli haina pa kwenda.

Zipo pia hatari za mahali penyewe. Kando ya Tana kuna viboko na mamba. Maeneo ya mitambo ya umeme yanalindwa, na si kila barabara iliyo kando ya bwawa iko wazi kwa umma. KenGen, inayoendesha mitambo, na Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, TARDA, ambayo ina ardhi na hoteli kando ya bwawa la Masinga, hazina budi kuwa mezani pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Nani atakula?

Utalii wa Kenya una ugonjwa unaojulikana. Mgeni hulipia safari akiwa Nairobi au ng'ambo, huja na chakula chake, hulala katika hoteli ya mwekezaji, na mwenyeji huachiwa mkono wa kupunga.

Mwendesha baiskeli ana nafasi ya kuwa tofauti, kwa sababu mwili wake una mahitaji yasiyoweza kungoja. Baada ya saa mbili za jua la Masinga anahitaji maji. Baada ya saa nne anahitaji chakula. Gurudumu likitoboka anahitaji fundi pale pale alipo. Hawezi kubeba vyote hivyo kutoka Nairobi.

Hapo ndipo muuza chai, mwenye kibanda, mama wa muthokoi na maembe, na fundi wa baiskeli aliye chini ya mti wanapopata riziki bila ya kuomba zabuni kwa mtu. Lakini hilo halitatokea lenyewe. Njia ikipangwa ipite mbali na masoko, fedha nazo zitapita mbali.

Upo pia ulinganifu wa majira ambao wapangaji wanapaswa kuutilia maanani. Mvua ya kutegemewa zaidi Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake huwa Januari na Februari. Miezi ya Julai, Agosti na Septemba ni mikavu, na ndiyo miezi ambayo maghala ya familia nyingi huanza kupungua.

Miezi hiyo hiyo ndiyo bora kwa baiskeli: ardhi ni ngumu, mito ya msimu imekauka, na nchi za Ulaya ziko likizoni. Shilingi inayoingia nyumbani mwezi wa Agosti ina thamani kubwa kuliko ile inayoingia Februari, mavuno yakiwa tele.

Kuhusu baiskeli zenyewe, kuna jambo la haki ambalo halipaswi kurukwa. Haitakuwa sawa mgeni apite na baiskeli ya mamia ya maelfu ya shilingi mbele ya mwanafunzi anayetembea saa nzima kwenda shuleni. Shirika la World Bicycle Relief limekuwa likisambaza nchini Kenya baiskeli imara ziitwazo Buffalo, zinazounganishwa Kisumu, kwa wanafunzi na wahudumu wa afya. Sehemu ya ada ya njia za Kivaa ingeweza kununua baiskeli za aina hiyo, na fundi wa mgeni akawa pia fundi wa mwanafunzi.

Hitimisho

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la barabara za kaunti na utalii wa mashinani. Machakos ilianza kwa kishindo mwaka 2014 ilipofungua bustani ya People's Park mjini. Ilikuwa hatua nzuri, lakini mji si kaunti yote. Kivaa iko mbali na bustani hiyo, na haihitaji bustani ya kutengenezwa, kwa kuwa Tana na vilima vipo tayari.

Yanayotakiwa ni machache na yanajulikana. Njia ziandikwe na zilindwe kisheria. Barabara muhimu zitiwe lami na nyinginezo zitunzwe kwa mitaro na mikono ya wenyeji. Bodaboda na malori yawekewe mipaka iliyokubaliwa. Njia zipite masokoni. Na mapato yaonekane kwa macho, katika kisima, katika zahanati, katika baiskeli ya mwanafunzi.

Mababu wa Kivaa walijenga matuta kwa mwethya bila kungoja mfadhili, na dunia ikaja kujifunza kwao. Hakuna sababu ya kuamini kwamba wajukuu hawawezi kuzitunza njia kwa utaratibu huo huo, mradi serikali iwape sheria na vifaa badala ya ahadi.

Waswahili walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa njia za Kivaa, usemi huo uwe ndicho kipimo. Mgeni akija na mwenyeji asipone, basi bora njia ziachiwe punda.